Siku Niliyowahesabu Ndugu Zangu

Unga hauhesabiki. Ndivyo alivyosema mjukuu wangu Rehema, amekaa kwenye mkeka mbele ya mlango wangu hapa Chanika, Handeni, daftari mapajani, kalamu ameing'ata. Mimi nilikuwa nachekecha unga wa muhogo, vumbi lake limenipanda mpaka kwenye viwiko.

"Nani kasema?" nikamuuliza.

"Mwalimu wa Kiingereza. Kasema kuna vitu vinahesabika na vingine havihesabiki, tuvipange pande mbili. Unga hauhesabiki. Maji hayahesabiki. Chumvi, mchele, mvua, huku."

"Na upande wa pili?"

"Kiti, kikombe, kuku, mtoto."

Nikaacha kuchekecha.

"Huyo mwalimu wako mtu wa wapi?"

"Sijui, bibi. Kahamia."

"Ndiyo maana. Mwambie bibi yako anasema maji yanahesabika. Kwetu Misima yalihesabiwa kata kwa kata, na aliyekunywa kata mbili alijulikana mpaka kwa jirani. Mtoto ndiye hahesabiwi."

Rehema akacheka. "Nikiandika hivyo nitapata kosa."

"Pata. Kosa halijaua mtu."

Nililisema hilo kwa mdomo wangu mwenyewe, nikalisikia. Naye akaendelea kuandika, kisha bila kuinua kichwa akaniuliza, "Kwani ninyi mlizaliwa wangapi, bibi?"

Nikamtuma jikoni akaangalie mboga isiungue. Jikoni hakukuwa na mboga. Alikwenda, akakaa huko kidogo, akarudi kwenye daftari lake. Ana adabu yule mtoto.

Watu wa nyumbani kwangu wanajua nina tabia moja. Yakishushwa madumu ya maji kwenye mkokoteni nayahesabu hivi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, na lingine, nane. Wajukuu wanadhani ni mzaha wa bibi. Muuza maji ameshazoea, siku hizi ananiwahi, "Na lingine, bibi." Sijamwambia mtu sababu yake. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, na kwa nini niliishia hapo nayo imo humu humu. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, waliokula ule unga wa njano na wanaokumbuka harufu yake. Vijana wakisoma, wasome, lakini wasinicheke.

Mwaka ule masika yalikuja siku chache yakaondoka, kama mgeni aliyekosea nyumba. Mahindi yalifika magotini yakakauka, ukipita shambani yanakukwaruza miguu kama karatasi. Baba alikwenda Korogwe kukata mkonge, kama walivyokwenda wanaume wengi. Nyumbani tukabaki na mama, na bibi mzaa baba, ambaye sasa nikijitazama kwenye kioo namwona yeye kabisa, mdomo ule ule umefungwa.

Maji tulichota mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Mnachimba kisima mchangani mpaka mtu anazama kiunoni, mnakaa pembeni, maji yanajikusanya polepole kama jasho. Unayateka kwa kata ya kibuyu, unamimina kwenye ndoo, unasubiri tena. Kata kumi na mbili zilijaza ndoo. Mama alizihesabu kwa sauti na sisi tulizihesabu pamoja naye. Nyumbani zilihesabiwa upya: hizi za kupikia, hizi za kunywa, moja ya kunawa nyuso zetu sote, ukichelewa kuamka unaikuta nyeusi. Unga nao ulipimwa kwa kibaba, chumvi kwa ncha za vidole. Nyumba yetu ilihesabu kila kitu.

Isipokuwa sisi. Mgeni akimwuliza mama watoto, mama alijibu, "Wapo." Akiulizwa zaidi, "Mungu kanijalia, hao unaowaona." Hakuna mtu mzima aliyetuelekezea kidole akataja namba. Jioni mama alitupapasa vichwa mmoja mmoja tukiingia ndani, na kama kichwa kimoja kinakosekana mkono wake ulijua kabla yeye hajajua. Hata mbuzi baba aliwajua kwa rangi na pembe. Bibi alisema kukihesabu kinachopumua ni kumwonyesha asiyeonekana mahali kilipo.

Sasa mimi nilikuwa nimeanza shule. Mwalimu alituagiza kila mtu aende na vijiti mia vilivyofungwa kwa kamba ya mkonge, na tangu siku nilipokata vijiti vyangu nikaingiwa na wazimu wa kuhesabu. Nilihesabu pau za dari nikiwa nimelala chali. Nilihesabu hatua kutoka mlangoni mpaka kisimani, na siku hatua zilipozidi nilirudi nyuma nikaanza upya, ndoo kichwani. Bibi aliniangalia wiki nzima, kisha akaniita.

"Hesabu miti," akaniambia. "Hesabu mawe. Hesabu nyota ukitaka, zitakushinda. Kinachopumua usikiguse. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Nilisikia. Sikuelewa tu. Nilidhani bibi hajui kuhesabu na anaona aibu, maana yeye hakwenda shule.

Karani alikuja mwisho wa kiangazi, amefuatana na balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa na baiskeli na daftari kubwa lenye jalada gumu. Ilikuwa imetangazwa kwamba serikali italeta unga, na kila nyumba iandikwe ina watu wangapi. Tulitoka sote kuitazama baiskeli. Mama akamletea kigoda, bibi akabaki amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha.

"Mama, una watoto wangapi?" karani akauliza.

"Wapo," mama akasema.

"Wapo wangapi?"

"Hao hao."

Karani akamtazama balozi. Balozi akakohoa. "Bwana karani, huku hawasemi namna hiyo. Andika wengi."

"Wengi ni wangapi? Nimetoka nyumba ya pale, wengi walikuwa watatu." Akamgeukia mama, hakuwa mtu mbaya, alikuwa anasikia joto na kiu. "Mama, nikiandika 'wapo' utapewa unga wa 'wapo'. Utakula nini?"

"Hesabuni unga wenu," bibi akasema kule kizingitini. "Hao waacheni. Mkileta, sisi tutajigawia."

"Bibi, shikamoo, lakini kazi haiendi hivyo."

Niliona mama anatafuna mdomo wake wa chini. Niliona kalamu ya karani iko juu ya karatasi, inangoja. Na mimi jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo siku nyingi, nimelificha mdomoni kama tonge la kuiba. Nilidhani mama amekwama, na kwamba ninaweza kumwokoa.

Nikasimama katikati ya uwanja, nikanyoosha kidole. Nikaanza na dada Mwanahawa, mkubwa wetu. Nikaja kwa Athumani, nikaja kwa Bakari. Nikajigusa mwenyewe kifuani. Nikaenda kwa Zubeda, nikaenda kwa Juma, na kila mmoja nikamtajia namba yake kwa sauti ya darasani. Mwisho nikafika kwa Salima. Salima alikuwa ndiyo kwanza anatembea, amekaa kando ya kinu anatafuna bua kavu. Yeye nilimgusa kabisa, katikati ya paji la uso. Akacheka. Alidhani namchezea.

"Saba," nikasema.

Kofi la mama lilinipata mkononi, kwenye mkono ule ule. Halikuwa kofi kubwa. Lakini mama hakuwa amewahi kunipiga mbele ya wageni, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa na kitu kingine ambacho sikukijua jina.

Karani akaandika. "Mtoto ana akili huyu," akasema. "Huyu baadaye atashika daftari kama hili."

Kwa hiyo siku hiyo nilisifiwa na kupigwa kwa jambo moja, kwa dakika moja, na sikujua nimwamini nani.

Walipoondoka, bibi hakunigombeza. Jua lilikuwa bado lipo. Alichota majivu jikoni, akayamwaga mstari kwenye kizingiti cha mbele, akaita watoto wa jirani wa pande zote. Nilikuwa nimesikia habari ya jambo hili lakini sikuwa nimeliona: kuvuruga hesabu. Mnaingia kwa mlango wa mbele, mnakimbia ndani ya nyumba, mnatokea mlango wa jikoni, mnazunguka, mnaingia tena, mara tatu. Mnabadilishana nguo, mnaitana majina yasiyo yenu, wenyeji na wageni mmechanganyika, ili aliyeisikia hesabu achanganyikiwe, asijue yupi ni yupi wala wako wangapi. Bakari alivaa gauni la Zubeda, watu wakacheka. Ilikuwa furaha. Hata mama alitabasamu kidogo.

Bibi akaniambia, "Mbebe Salima, apite nawe."

Salima alikuwa amelala ndani, kwenye mkeka, palepale njia ya kupita. Nami nilikuwa nimenuna. Mkono ulikuwa unaniwasha. Nilijiambia: nimehesabu vizuri, sikukosea hata mmoja, karani mwenyewe kasema, sasa kwa nini wanaivuruga hesabu yangu? Sikumbeba. Nilipofika pale alipolala, nilimruka. Mzunguko wa pili nikamruka tena. Na wa tatu. Mnajua kwetu mtoto aliyelala harukwi. Mimi nilimruka mara tatu, na miguu yangu ilikuwa na majivu.

Tulipomaliza bibi akasimama mlangoni akauliza, "Wote wamepita?"

Nikajibu mimi, wa kwanza. "Wamepita."

Unga ulikuja. Ulikuwa wa njano, na ulinuka gunia na ghala, harufu kama ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Uligawiwa shuleni kwa bakuli la bati. Jina la baba lilisomwa, kisha "watoto saba", na mgawaji akamwaga mabakuli ya watu wazima, halafu yetu, akiyahesabu kwa sauti. Wanawake waliokataa kutaja watoto wao waliandikiwa kwa kukisia na wakapata pungufu. Tulipita mbele yao na mfuko uliojaa. Nilitembea kifua mbele. Nyumbani mama alisonga ugali, ukawa wa njano kama kiini cha yai, tukala tukashiba, na Salima akalala na tonge mkononi.

Halafu ikaja surua. Haikuja kwetu tu, na leo najua hivyo. Ilianzia upande wa chini wa kijiji, ikapanda nyumba kwa nyumba. Juma alianza, akatoka vipele, macho yakavimba, akapona. Salima alianza siku ambayo Juma aliomba uji. Walimlaza gizani, kwenye chumba cha bibi, dirisha limezibwa kwa gunia. Lilikuwa gunia la ule unga, na chumba kizima kilinuka hivyo. Nilikatazwa kuingia. Nilikaa nje ya ukuta, nikaweka sikio kwenye udongo, nikasikiliza anavyopumua. Pumzi zake zilikuwa fupi, na mimi, Mungu anisamehe, nilizihesabu. Sikuweza kuacha. Kila nikijikataza nilijikuta nimefika thelathini.

Alifariki asubuhi, mvua ya kwanza ya vuli inadondoka juu ya makuti. Watu wakasema mvua ni ya heri. Baba alifika kutoka Korogwe baada ya kuzikwa, mikono yake imechanika kwa miiba ya mkonge, akakaa uani na wanaume. Wanawake walikuwa ndani. Nilipita na maji nikamsikia bibi akimwambia mama, kwa sauti ya mtu anayejitetea, "Lakini wote walipita. Niliuliza mwenyewe, na mtoto akanijibu."

Mama aliinua macho akaniona nimesimama mlangoni na kata mkononi. Akanitazama muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Kisha akasema, "Weka hapo maji, uende."

Sasa nisikilizeni. Nyumba zilizokataa kuhesabiwa nazo zilizika watoto. Kuna mwanamke alizika wawili, na hakuwahi kutaja hata namba moja kwa karani. Ningekuwa na akili za leo ningejiambia hivyo. Lakini mtoto haoni nyumba za watu. Mtoto aliona kidole chake. Nilikitazama nikiwa peke yangu, nikakinusa, nikakisugua kwa mchanga kisimani mpaka ngozi ikatoka. Niliamini kuna mtu amesimama nyuma ya nyumba yetu siku ile, amesikia namba zote, zikavurugwa zote isipokuwa moja, na hiyo moja akaifuata.

Mgao wa pili ulipokuja, daftari lilikuwa bado linasema saba. Mama alitutuma mimi na dada Mwanahawa. Mgawaji akamwaga: moja, mbili, tatu. Nilimngoja aishie sita. Akamwaga na la saba, akalipiga kofi bakuli kwa chini ili usibaki unga. Nikamvuta dada kanga.

"Dada, hilo la nani?"

"Funga mdomo," Mwanahawa akasema bila kunitazama. "Funga mdomo na ushike mfuko."

Jioni ile sikula. Nilikuwa na hakika kwamba ndani ya sufuria ile moja kuna unga wa Salima, na sikujua ni upande gani. Unga ukishachanganyika huwezi kuutenga tena. Ningeweza kula sehemu yake nisijue. Mama akamega tonge, akanishika kidevu.

"Kula."

"Sina njaa, mama."

"Kula," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikubadilika. "Kula hicho, usiniulize."

Nikala. Miezi yote ya mgao tulikula bakuli lile la saba, na bila hilo sijui Juma, aliyebaki mifupa baada ya surua, angesimama lini. Mama alijua alichokuwa anafanya. Mimi nilikula kama mtu anayekula mkononi mwa marehemu.

Shuleni nikawa nashindwa. Nikisimama kuhesabu nafika sita naona kinu, naona bua kavu, naona paji la uso. Nanyamaza. Mwalimu alidhani nina kiburi, akanichapa, nikasimama vilevile. Wenzangu wakaniita Sita. "Sita, njoo tucheze. Sita, umeona mbuzi wetu?" Nilivumilia mpaka darasa la tatu, kisha nikabaki nyumbani, na hakuna aliyenilazimisha kurudi. Karani alisema nitashika daftari kama lake. Nikashika jembe.

Nikaolewa, nikazaa. Nesi wa kliniki aliniuliza huu ni uzao wa ngapi, nikamwambia, "Tazama kadi, uandike wewe." Alinisema mbele ya wanawake wenzangu, nikamwachia aseme. Watoto wangu niliwapapasa vichwa jioni kama mama alivyotupapasa sisi. Mmoja wa wajukuu zangu alipougua degedege, watu wote walikuwa wanatafuta gari, mimi nilikuwa nazunguka nyumba nikiuliza nani kahesabu, nani kahesabu hapa. Walidhani nimechanganyikiwa.

Miaka ya mwisho mama aliishi Magoma kwa mdogo wangu Zubeda, aliyeolewa huko. Kule maji hayana shida, yanapita mferejini kando ya majaruba ya mpunga usiku na mchana, na mama alipenda kukaa karibu nayo, anayatazama tu yanavyopita bila mtu kuyapima. Alipoanza kulegea Zubeda aliniita. Nikapanda gari mpaka Korogwe, nikapanda jingine, nikamkuta amelala kwenye kitanda cha kamba kibarazani, mdogo kama mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Vizuri. Huyu Zubeda ananipigia kelele."

Zubeda akasikia huko jikoni. "Kelele gani, mama? Nakwambia unywe dawa."

"Unaona," mama akasema.

Nilikaa naye siku mbili nikimwosha na kumlisha uji. Siku ya tatu, mchana, Zubeda alikuwa shambani, nikajua nisiposema nitazikwa nalo. Nilikuwa bibi mwenye mvi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mtoto.

"Mama, siku ya karani. Siku bibi alipovuruga hesabu. Salima hakupita. Nilimwacha kwenye mkeka."

Mama alikuwa anatazama mferejini.

"Kwenye kanga ya kijani," akasema.

Mimi sikutaja kanga. Mimi sikumfunika.

"Niliingia kuchukua kibiriti," mama akasema. "Ninyi mlikuwa mmeshatoka mzunguko wa mwisho. Nikamwona amelala, anatoka jasho puani. Nikasema huyu kahangaika na njaa tangu asubuhi, leo ndiyo kapata usingizi, siwezi kumwamsha kwa ajili ya majivu ya mama mkwe. Nikamfunika. Nikatoka."

Hapo ndipo nilipojua kule kunitazama kwake siku ya msiba kulikuwa nini. Nilidhani ananihukumu. Kumbe alikuwa anaangalia kama mimi nilimwona yeye.

Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi, mifupa kama vijiti vyangu vya shule. Akaugeuza akanishika yeye.

"Ulihesabu wangapi?" akaniuliza.

Nilishindwa kutamka. Nikamwonyesha kwa vidole.

"Basi ulikosea," akasema. "Mlikuwa nane. Hamisi alikuwa tumboni. Kwa hiyo ile haikuwa hesabu ya watoto wangu. Haikuwa ya mtu yeyote." Akafumba macho. "Mimi nilijua tangu siku ile. Nilinyamaza tu."

Nililia, na nililia kwa raha, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alifariki kabla mpunga haujavunwa, na tulimzika hukohuko Magoma. Nikarudi Handeni nimekaa dirishani mwa gari, naangalia mashamba ya mkonge yanavyopita mstari kwa mstari, na mimi kichwa changu hakijui kutulia, kikaanza.

Karani alikuja mwisho wa kiangazi. Salima alikufa vuli ilipoanza. Ikapita masika, tukavuna, baba akawa amerudi moja kwa moja. Kikapita kiangazi kingine. Vuli nyingine ilipoanza, ndipo Hamisi alipozaliwa, nakumbuka vizuri, mimi ndiye niliyekwenda kumwita mkunga kwenye matope. Nilizihesabu kwa vidole mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mimba ya muda huo wote ni ya punda, si ya mtu.

Hamisi hakuwepo. Tulikuwa saba. Nilihesabu sawasawa.

Na mpaka leo sijui ule uongo alinitungia mimi pale kitandani, au alijitungia mwenyewe zamani, akaukumbatia miaka yote mpaka ukawa kweli kwake. Sijui kama alikuwa ananitua mimi mzigo, au alikuwa anaomba na yeye atuliwe. Sikumwambia Hamisi. Sikumwambia Zubeda.

Juzi Rehema alirudi na daftari limesahihishwa. Neno 'mtoto' aliliweka upande wa vinavyohesabika, akapata vema. Maji na unga upande wa pili, navyo vema. Akakaa kwenye mkeka palepale, akanitazama kwa pembeni.

"Bibi, leo usinitume jikoni."

"Sikutumi, mke mwenzangu. Uliza."

"Mlizaliwa wangapi?"

Nikafuta mikono. Sikutaja namba. Nilitaja majina, polepole, kama mtu anayeteka maji kisimani na kungoja yajae tena. Mwanahawa. Athumani. Bakari. Mimi. Zubeda. Juma. Hapo nikapumzika. Salima, nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutajwa ndani ya nyumba hii. Halafu Hamisi.

Mkono wa Rehema ulikuwa umejificha chini ya daftari, lakini niliuona. Alikuwa anakunja vidole. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, wazi, kama ulivyonyanyuka wa mama. Nikauona uko hewani. Nikaushusha, nikaupitisha kichwani kwake, nywele zimesukwa vizuri, kichwa kina joto la jua.

"Nane," akasema taratibu.

"Haya," nikamwambia. "Andika usije ukasahau."

Kesho yake niliamka kabla ya adhana. Sikuwasha taa. Nilikwenda mpaka mlango wa chumba wanacholala wajukuu, nikasimama kwenye kizingiti, nikaegemea ukuta. Sikuhesabu. Nilisikiliza tu pumzi ya mmoja, nikaijua, nikangoja ya mwingine, nikaijua, mpaka zikaisha zote ninazozijua. Kisha nikaendelea kusimama, nikangoja na nyingine.